Viatu Vilivyokufa Sandukuni

Mama Godelieve alishuka botini, bichi ya Kalemie, kiatu cha kuume kikiwa kimefungwa kwa kamba ya mkonge na cha kushoto kwa utepe aliouchana kwenye gunia. Soli ya kile cha kuume ilikuwa imeachama kuanzia kwenye vidole hadi katikati ya unyayo. Kila akipiga hatua ilipiga chini pa, pa, pa, kama bata anayemfuata nyuma.

Wachukuzi wa bichi wanamjua tangu zamani.

"Mama Gode, kiatu kinaomba chakula," mmoja akamwambia huku akimtua gunia la maharagi.

"Kimekula milima ya Marungu nzima na bado hakijashiba," akajibu. "Peleka hayo kwa Gisèle, si kwenye butike. Umesikia? Nyumbani kwa Gisèle."

Kisha hakufuata barabara kubwa. Alizunguka nyuma ya magala, akapita kando ya reli palipo na majani marefu na mbuzi wa watu, akatokea kwa mbali kule ambako hakuna anayemtazama mtu miguuni. Mwanawe Pontien, mume wa Gisèle, ana butike kwenye barabara kubwa, na butike ya Pontien ina mlango mpana. Mama wa miaka yake, mwenye nywele nyeupe na magoti yake mwenyewe, alikuwa anajificha mwanawe asimwone, kwa sababu ya viatu. Ndivyo ilivyokuwa, na sababu yake ni ahadi.

Mvua za mwaka uliopita alikuwa ameteleza kule juu, kwenye mteremko wa udongo mwekundu, akiwa anatoka kununua maharagi kwa wanawake wa milimani. Mfupa haukuvunjika, lakini goti lilivimba kama papai. Vijana wa kijiji wakambeba kwa kipoyi, machela ya miti, wakipokezana mabegani, mpaka Kirungu, wakamteremsha hadi Moba kwenye maji. Pontien akapanda boti kwenda kumchukua. Walipofika Kalemie alimbeba mgongoni kutoka majini hadi kwenye gari, watu wa bichi wote wakiangalia.

Goti lilipopona, familia ikakaa kikao. Wajomba walikuja, mashemeji walikuja, hata wale ambao huwa hawaonekani mpaka chakula kiive. Wote walisema jambo moja: Mama, sasa ukae.

Kukaa maana yake haikuwa siri. Kiti cha plastiki mlangoni pa butike. Kuuza sukari na sabuni, kufukuza nzi, kuitikia salamu za watu wanaokwenda kwingine. Maharagi yangenunuliwa kwa telefone, kupitia kijana mmoja wa Kirungu mwenye pikipiki. Na wale wanawake wa milimani, waliokuwa wanamwekea maharagi ya njano yasiyo na mawe, waliokuwa wanamwambia nani amezaa na nani amegombana na mumewe, wasingemwona tena. Mama Godelieve alikuwa ametembea milima ile tangu usichana. Kwake kukaa na kuzikwa vilifanana, ila mwenye kuzikwa hasumbuliwi na nzi.

Kwenye kikao aliwaacha wamalize. Kisha akatazama miguu yake, akasema, "Siku viatu hivi vitakufa, nitakaa."

Wote wakacheka, wakakubali. Ukiviangalia viatu vile, ungesema havimalizi mwezi.

Lakini hawakuvijua vizuri. Vilikuwa viatu vya kupandia milima vya kizamani, ngozi nene kama ya nyati, vya padri mmoja mzee wa misioni ya Moba. Padri aliporudi kwao alimwachia Adalbert, mume wa Godelieve, aliyekuwa fundi wa kujenga pale misioni. Adalbert alivivaa mpaka akafa. Siku ndugu zake walipokuja kugawana vitu vya marehemu, koti likaenda kwa kaka yake na baiskeli ikaenda kwa mpwa, na walipofika kwenye viatu wakamkuta mjane amevikalia. "Hivi ninavivaa miye," akasema. Maneno yalikuwa mengi. Mwanamke gani anaingiza miguu kwenye viatu vya marehemu, tena viatu vya kiume? Yeye akavaa soksi juu ya soksi, akakaza kamba, akapanda mlima. Maneno yalibaki huku chini na wenyewe.

Siri ya viatu vile ilikuwa kwenye uzi. Soli ilikuwa imeshonwa kuzunguka kiatu chote, uzi mnene unaouona kwa macho. Soli ikiisha, fundi anakata uzi, anaitoa, anaweka nyingine ya tairi la kamyo, anashona tena. Kila aliporudi kutoka milimani, Mama Godelieve alipita kwanza kwa Papa Mbuyu, fundi wa viatu anayekaa karibu na kituo cha gari la moshi chini ya hema lililopasuka, na ndipo aende nyumbani. Familia ikawa inasubiri viatu vife, na viatu vikawa haviishi kufufuka.

Siku hiyo pia alipita kwa Papa Mbuyu. Akavua, akamsukumia kwa mguu.

Papa Mbuyu alikiinua kile cha kuume, akakiminya kando kwa dole gumba. Dole likapita, likatokea ndani.

"Mama Gode," akasema, "soli si tatizo. Soli ninazo za kukuvisha weye na Pontien na hao wajomba wote. Ngozi njo imekwisha. Nikishona, uzi utashika wapi?"

"Shikisha juu kidogo."

"Juu kidogo nilisha kushikisha ile mara ingine."

"Basi juu zaidi."

"Juu zaidi, Mama, ni muguu wako."

Mama Godelieve hakucheka. Papa Mbuyu alitazama huku na huku, akainama. "Halafu Pontien alipita hapa. Aliniambia nisishone tena."

"Na weye ulimujibu nini?"

"Nilimujibu kama miye ninashona kile watu wananiletea, siulizi kama kina ruhusa. Lakini leo, Mama, hata Pontien angenilipa nishone, nisingeweza. Tazama." Akakunja kipande cha ngozi kidogo tu, kikakatika kama biskuti. "Niachie, nitatoa viraka."

Alimwachia. Alikwenda nyumbani na kandambili za kuazima, na njiani hakuwa na huzuni hata kidogo. Alikuwa na kitu sandukuni.

Inabidi kueleza jambo hili kwa yule asiyetoka kwetu. Kwetu, kitu kizuri hakitumiwi. Kitu kizuri kinawekwa. Ingia nyumba yoyote, utakuta blanketi ambalo bado liko ndani ya plastiki yake, sahani zinazomsubiri askofu ambaye hajasema kama atakuja, na shati la mtoto ambalo mtoto alishalipita kimo kabla hajalivaa. Si uchoyo. Ni heshima kwa kitu na kwa aliyekitoa.

Denise, binti yake anayekaa Lubumbashi, alimtumia zamani viatu vipya vya kupandia milima, vya kisasa. Vyepesi, rangi ya majivu na michirizi ya kijani, soli yake nene na laini, ukikanyaga kama unakanyaga godoro. Maji hayapiti, Denise alisema. Mama Godelieve alivivaa siku moja, ubatizo wa mjukuu, watu wa parokia wakaviona. Aliporudi alivipangusa, akavifunga kwenye plastiki mbili, akaweka nafutalini, akavilaza chini kabisa ya sanduku la bati. Mwaka ule maji ya ziwa yalipopanda mpaka ndani ya nyumba, kitu cha kwanza alichokimbilia ni sanduku. Alilipandisha juu ya matofali, na likakaa huko miezi yote ambayo kuta zilikuwa zinatoa jasho. Na kila alipokuwa anateseka na vile vya padri kwenye mawe, moyo wake ulikuwa unatulia: vile vizuri vipo.

Asubuhi ya safari alivitoa. Vilikuwa vinang'aa kama siku ile ile. Gisèle, mke wa Pontien, aliacha kuosha vyombo.

"Mama, hivi si ulisema tukuzike navyo?"

"Nimebadilisha. Mutanizika na soksi."

Pontien alikuwa anakunywa chai. Alivitazama viatu, akamtazama mama yake, akaweka kikombe chini.

"Kumbe ulikuwa na vingine."

"Denise alinitumia. Ulikuwapo."

"Mama, kwenye kikao tuliongea nini?"

"Tuliongea viatu vikiisha nikae. Viatu ninavyo miguuni."

"Hii ni ujanja."

"Ni ujanja," akakubali. "Unataka kunipeleka kwa mukubwa wa mutaa?"

Gisèle aligeukia sahani zake ili asionekane anacheka. Pontien akachukua tena kikombe. Ukweli ni kwamba hata yeye viatu vilimpendeza. Vilikuwa vya dada yake, na vilikuwa vya kisasa, na mtu anayeuza vitu vya dukani anaamini vitu vya dukani. Akasema tu kwamba mzigo ataupeleka yeye bichi kwa pikipiki, mama atangulie polepole.

Mama Godelieve akatangulia, lakini si polepole. Safari hii hakupita nyuma ya magala. Alishika barabara kubwa, katikati, akisalimia kushoto na kulia. Wenye kuuza samaki wakamwambia, "Mama Gode, leo unaenda kuolewa?" Akainua kiatu kimoja ili wakione vizuri.

Alipokaribia reli alihisi kama amekanyaga kitu kinachonata. Akaangalia chini, hakuna. Akaenda. Baada ya hapo akahisi mguu mmoja umekuwa mfupi.

"Mama, unadondosha vitu," mwanamke mmoja aliyebeba beseni la mihogo akamwambia kutoka nyuma.

Akageuka. Njia yote aliyopita ilikuwa na vipande vyeusi, vidogo vidogo, kama makombo ya mkate ulioungua. Akainua mguu. Ile soli laini ilikuwa inamomonyoka. Alipoigusa kwa kidole ilibomoka kama ugali wa jana, na kisigino chote kikamdondokea mkononi. Hakuna jiwe lililoikata, hakuna maji yaliyoipita. Juu kiatu kilikuwa kipya, unaweza kukipeleka kanisani. Chini hakikuwa kitu.

"Hivi umevinunua wapi?" yule wa mihogo akauliza.

"Havikununuliwa. Nilipewa."

"Na muntu anayekupenda?"

"Nyamaza, mama, uende na mihogo yako."

Aliendelea kutembea. Hakurudi. Soli ya kushoto ilibaki kwenye reli, ya kuume ikang'ang'ania kwa mbele tu mpaka bichi ikawa mbele yake. Aliingia pale akiwa anakanyaga kwa kitambaa na soksi, kidevu juu, na wachukuzi ambao huwa hawakosi neno wakampisha njia.

Pontien alikuwa ameshafika na mzigo. Alitazama chini. Hakumcheka mama yake, na hilo lilimuuma mama zaidi kuliko kama angecheka.

"Basi, Mama," akasema taratibu. "Umeona. Hata vya kisasa vimekataa." Akamwambia mwenye boti aushushe mzigo.

Boti ikaondoka. Mama Godelieve akapandishwa nyuma ya pikipiki kama gunia, akapelekwa butike, akawekwa kwenye kiti cha plastiki.

Alikaa siku hiyo. Alikaa na kesho yake. Aliuza sabuni. Watu walipita wakisema, "Sasa njo umepumzika, Mama," naye alikuwa anawaitikia kwa kichwa tu, maana mdomo wake ulikuwa unahifadhi maneno kwa ajili ya Denise.

Denise alipopiga telefone, Gisèle akaweka sauti ya wote wasikie.

"Mama, haiwezekani," Denise alisema. "Viatu vile si vya masihara. Niliambiwa vina garanti ya maisha."

"Maisha ya nani?"

Gisèle akafunika mdomo.

"Mama, ulivitembeza sana?"

"Nilivivaa ubatizo. Halafu nikaviweka."

"Uliviweka wapi?"

"Nitaweka wapi? Sandukuni. Kwenye plastiki mbili."

"Tangu ubatizo?" Denise akauliza. "Ngoja nipite pale dukani niwaulize."

Alipiga tena baadaye, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika, kama mtu anayejizuia kucheka msibani. Mwenye duka alikuwa amemwambia kwamba soli za siku hizi ni povu. Nyepesi, laini, lakini zina umri wao, uvae usivae. Unyevu unaziingia na kuziozesha ndani kwa ndani, na kiatu kilichofungiwa mahali pasipo na hewa ndicho kinachooza mbele ya vyote. "Anasema njo watu wengi wanafanya hivyo, Mama. Wanaviheshimu, wanaviweka. Kumbe heri ungevitembeza. Vimekufa kwa kukaa."

Butike ilikuwa na wateja wawili. Hakuna aliyenunua kitu.

Gisèle ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashikilia meza. Mama Godelieve hakucheka. Aligeuka polepole kwenye kiti chake, akamtazama Pontien.

Pontien aliliona neno linakuja, akaliwahi. "Mama, weye si kiatu."

"Ni kweli," akasema. "Miye si kiatu."

Akasimama. Kiti kikamganda kidogo nyuma, akakipiga kofi kikaanguka.

"Miye si kiatu, Pontien. Sasa mbona tangu kile kikao munapima maisha yangu kwa viatu? Miye mwenyewe niliwapa ile kipimo, ili munyamaze. Niliona mumejaa pale, wote munaniangalia goti, nikasema neno lenye litawafurahisha. Tangu hapo ninapita nyuma ya magala kama mwizi wa mbuzi. Ninamukuta Mbuyu kwa kujificha. Mama yako, kwenye majani, anajificha na kiatu. Nimechoka na hiyo. Mulima haujanichosha, hiyo njo imenichosha. Leo ninasema wazi, hawa wateja wasikie: ahadi ile ninaivunja. Viatu viwepo, visiwepo, sikai."

Wateja walisikia. Mmoja alijifanya anachagua kiberiti.

"Na ukianguka?" Pontien akauliza.

"Nitakuwa nimeanguka."

"Nani atakuleta?"

"Wale walionileta. Na wakishindwa, kule pia kuna udongo."

Pontien alikuwa mtu mzima mwenye kitambi kidogo na watoto wa shule, lakini uso wake uligeuka. Alisema kwa sauti ya chini, sauti ambayo mama yake hakuwa ameisikia tangu mazishi ya Adalbert.

"Miye njo nilikubeba, Mama. Toka kwenye maji. Ulikuwa mwepesi kama mutoto. Sikujua kama umekuwa mwepesi hivyo. Toka siku hiyo, ukipanda boti, miye silali."

Mama Godelieve angeweza kusema mambo mengi ya kumtuliza, na kurudi kwenye kiti, na mambo yakaisha. Aliona njia hiyo ilivyo fupi.

"Ninajua," akasema. "Ulinibeba vizuri, hukuniangusha. Lakini sasa unataka miye niubebe ule woga wako kila siku, hapa mulangoni. Ni muzito kuliko maharagi, Pontien. Ubebe mwenyewe."

Akatoka na kandambili zake. Gisèle akavua kitambaa cha kazi, akamfuata, na kwa mara ya kwanza butike ikabaki na Pontien peke yake na sukari yake.

Walikwenda sokoni kwa Mado, anayeuza viatu vya mitumba vilivyotandazwa kwenye turubai. Mado ana ulimi. Alipowaona akachukua viatu vinavyong'aa zaidi, akavigonganisha kisigino kwa kisigino.

"Mama, bahati yako. Hivi havijawahi kukanyaga chini. Tazama, hata vumbi."

"Njo maana sivitaki."

"Aa?"

"Nataka vyenye vilisha kutembea."

Mado akamtazama Gisèle, kama anayeuliza tangu lini. Gisèle akainua mabega. Mama Godelieve alikuwa ameshachuchumaa. Alichukua kimoja kimoja, akaingiza ukucha kwenye soli pembeni. Ukucha ukizama, anakitupa. Akakunja kiatu mpaka pua iguse kisigino, akasikiliza. Akanusa ndani.

"Mama, unanunua kiatu ama unapima homa?"

"Huyu ni mugonjwa." Akatupa. "Huyu pia. Huyu alisha kufa, bado hamujamuzika tu."

"Unaniharibia biashara. Watu wanasikia."

"Wasikie."

Chini kabisa ya lundo alikuta jozi ya viatu vya kazi, vya kiume, ngozi iliyopoteza rangi, kamba moja nyeusi na nyingine ya kahawia. Vizito kama nyundo mbili. Kisigino kilikuwa kimelika upande wa nje, na soli ilikuwa imeshabadilishwa huko vilikotoka, uzi mpya kwenye matundu ya zamani. Alipitisha kidole juu ya uzi ule, kuzunguka kiatu chote, bila haraka.

"Huyu mwenye hivi," akauliza, "alikuwa anatembea ama alikuwa anakaa?"

"Mama, miye ninauza viatu. Siuzi habari za wazungu."

"Alikuwa anatembea," Mama Godelieve akajijibu. Akavaa pale pale. Vilikuwa vikubwa. Akasimama, akapiga mguu chini, turubai lote likatikisika na viatu vyepesi vikarukaruka.

"Hivyo nilitaka kuvitupa," Mado alisema kwa uchungu, akijua kwamba sasa hawezi kuongeza bei.

"Nimekuokolea kazi."

Boti iliyofuata ilipojiandaa, Pontien alikuwapo bichi. Hakuleta mzigo, mzigo Gisèle alimpa mchukuzi. Alisimama mikono imefungwa kifuani, akatazama vile viatu vibaya kutoka kamba hadi kisigino.

"Sitakuja kukuchukua, Mama."

"Sijakuambia uje."

"Nimesema tu, ujue."

"Nimejua."

Mama akakunja kanga, akaingia majini mpaka magotini akiwa amevitundika viatu shingoni, akapanda bila kushikwa mkono na mtu. Boti ilikuwa imeanza kusogea Pontien aliposema tena.

"Telefone umeijaza moto?"

"Nimeijaza."

"Haitashika kule juu."

"Ninajua, Pontien."

Alisimama pale pale mpaka boti ikageuza pua kwenda kusini. Mama Godelieve hakumpungia mkono; alikuwa anatafuta mahali pa kukaa kati ya mapipa na wanawake wenye kuku.

Viatu vya Mado havikuwa vyema, tuseme ukweli. Kutoka Moba kupanda Kirungu vilimuuma vidole. Kutoka Kirungu kwenda juu, ambako njia inaacha pikipiki nyuma na kuwa mawe na majani yenye umande, kile cha kushoto kilianza kumla kisigino. Alisimama, akavua, akaona ngozi imeinuka na kujaa maji. Akakata kipande cha kanga, akafunga, akavaa tena. Alimtukana Mado, akamtukana mzungu asiyemjua mwenye miguu mipana, akamtukana na Denise kidogo kwa ile garanti yake, kisha akapanda. Soli ilikuwa inashika. Kila akikanyaga jiwe lililolowa, soli inalishika, na goti lake lilikuwa linalalamika lakini linafuata.

Kwenye kona ya juu, ambako upepo unaanza kuwa baridi, alimkuta Louise, mmoja wa wanawake wake wa maharagi, amekaa kando ya njia na jembe mapajani. Louise alimtazama kama anayeona kitu ambacho alishaambiwa hakipo.

"Mama Gode. Walisema umekaa."

"Nani alisema?"

"Yule kijana wa Kirungu. Alituma neno kwamba sasa maharagi ni kwake, kwa bei yake. Alisema weye umezeeka, umekaa Kalemie."

"Alipanda mpaka hapa kuyasema?"

"Hapana. Alituma."

"Ungemutumia na weye jibu."

Louise akacheka. Kisha akaona damu iliyopenya kwenye kitambaa, juu ya kiatu kile kibaya, akaacha kucheka. "Lakini umechoka, Mama."

"Nimechoka," Mama Godelieve akasema. "Shamba lako mwaka huu ni lile la chini ama la juu?"

"La juu."

"Basi tangulia."